Mwanamke wa Kutunga

Jumapili, 3 Machi

Kitinda wangu,

Ule wimbo wa "mimi huku ni mzima, wasiwasi ni kwako wewe uliye mbali" nimeuruka makusudi. Miguu yangu si mizima hata kidogo, na sitaki kuanza barua kwa uongo.

Nimepata ile kazi. Nabisha hodi mlango kwa mlango, nawasomea watu maswali kuhusu hali zao za moyoni: wanalala, hawalali, wana huzuni, wamekata tamaa au vipi. Karatasi ya maswali inaitwa dodoso na sisi tunaitwa wadodosaji, jina ambalo mzee mmoja alilisikia akafunga mlango. Bosi wetu ni mama mfupi aliyesoma sana. Tunamwita Mama Penseli kwa sababu kalamu ya wino haitaki kabisa. Anasema mtu ana haki ya kubadili jibu lake.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu, unajua mwenyewe. Mara ya mwisho mama aliposikia sauti yangu alinitafuta mpaka chini ya kitanda, wewe ukashinda unambembeleza. Na ujumbe mfupi nao ni yaleyale. Nikikutumia "vipi?" unanijibu "poa", mazungumzo yameisha. Dereva wa basi la huko kwetu amekubali kuwa tarishi wetu.

Nifanyie jambo moja. Kabla ya kutumwa mitaani tunatakiwa tufanye mazoezi na mtu wa nyumbani. Tangu baba aondoke tumebaki mimi na wewe, na mama siwezi kumdodosa. Nimeambatanisha maswali tisa kwenye karatasi nyeupe. Yajibu tu ndiyo au hapana, usiyaweke moyoni.

Mama anaendeleaje? Na wewe hujachoka sana, sivyo? Nakujua, wewe chuma.

Dada yako


Jumamosi, 9 Machi

Dada Maswali,

Hongera. Tangu utotoni ulikuwa unamuuliza baba kwa nini jogoo hana meno, leo umepata ajira ya hilo hilo.

Majibu yako haya hapa. Una huzuni ya muda mrefu? Hapana. Unalia bila sababu? Hapana. Umekata tamaa ya maisha? Hapana. Una shida ya usingizi? Hapana. Usingizi ninao, nafasi ndiyo sina. Hayo mengine nayo ni hapana yote, jaza mwenyewe. Lakini dada, maswali gani haya? Mtu akijibu ndiyo si atakuwa amejitangaza kichaa, tena kwa mkono wa dereva wa basi?

Mama hajambo. Anakutaja kutwa nzima, binti yangu wa mjini hivi, binti yangu wa mjini vile. Anakula. Mkono wa kushoto bado haujarudi tangu kile kiharusi, ila wa kulia umechukua nguvu za yote miwili. Ile sabuni ya harufu ya limau uliyotutumia ni nzuri, lakini usitume tena. Aliing'ata akidhani tunda. Tulicheka sana.

Kazi za kushona zinakuja moja moja. Zipu, pindo, kupunguza kiuno. Cherehani nimeihamishia chumbani kwa mama ili nimwone nikiwa kazini. Kelele zake hazimsumbui, wakati mwingine anaimba juu yake.

Hapa hamna shida. Wewe angalia miguu yako, iloweke kwenye maji ya chumvi.

Kitinda


Jumatano, 20 Machi

Kitinda,

Umenitia aibu. Mama Penseli alitazama zile hapana zako tisa akaniuliza, "Huyu uliyemdodosa ni mtu au ni ukuta?"

Lakini hauko peke yako. Mtaa mzima huu hauna mwenye huzuni. Nimepanda ngazi mpaka magoti yanalia, na kila mlango ni "hapana, namshukuru Mungu". Juzi nimemkuta fundi saa mmoja, mzee wa makamo. Una huzuni? Hapana. Umekata tamaa? Hapana, tamaa ninayo tele. Nikafunga karatasi yangu nikamshukuru. Basi akanivutia kiti, akaanza kunieleza habari za mkewe aliyefariki, jinsi hadi leo anachemsha maji ya watu wawili kisha anayamwaga ya mmoja. Nimekaa pale mpaka chai imepoa, na mkononi nina karatasi iliyojaa hapana.

Nilipomsimulia Mama Penseli alisema kosa si la fundi, kosa ni la swali. Sasa tuna karatasi mbili. Ile nyeupe inauliza, "Je, umekata tamaa ya maisha?" Ya njano inaanza mbali kidogo: "Watu wengi, mambo yakiwazidi, huona afadhali wasiamke kesho. Wewe, mara ya mwisho ilikuwa lini?" Ni mtaa uleule na wanawake walewale. Kwa nyeupe wanajibu wakiwa wameshika mlango. Kwa njano wanaangalia nyuma kama kuna mtu anasikia, halafu wanakukaribisha ndani. Mama Penseli anatuonya tusishangilie mapema. Ukimwambia mtu kwamba kila mmoja huchoka, naye anaweza kuchoka kwa adabu tu, asikuangushe. Kwa hiyo hatujui bado ipi ni kweli. Mimi ninachojua ni kwamba kwa njano narudi nyumbani nimebeba mizigo ya watu, na usiku nageuka geuka.

Sasa nisaidie. Kila mdodosaji anatakiwa asome mbele ya wenzake dodoso moja la njano lenye majibu ya maana, la mtu halisi au la kutunga. Kwa kuwa wewe huna shida, nitungie mtu. Mwanamke yeyote. Ulikuwa mwongo hodari sana, nani alimwambia baba kwamba kuku wamehama wenyewe? Mpe maisha, mpe matatizo yake, kisha umjibie. Jifanye ni yeye.

Mwezi wa nne nakuja kukupokea kidogo, Mungu akipenda.

Dada yako


Jumapili, 31 Machi

Dada,

Nilitaka kukataa. Halafu leo mvua imewazuia wateja na mama amelala mchana, jambo ambalo halijatokea siku nyingi, nikaona nijaribu. Ikiwa vibaya chana.

Mwanamke wangu nimempa mkwe wa kumtunza, mama wa mumewe, mgonjwa wa kitandani. Mume yuko mbali kikazi. Ni mtu mwema, anaandika. Watoto hawajapata. Sasa anajibu.

Watu wengi wana siku ambazo kuamka kunawawia vigumu. Kwako ikoje? Kuamka si kazi, anaamshwa. Mkwe anagonga ukuta kwa kijiko. Wakati mwingine anasikia kijiko hata mkwe akiwa amelala, anakimbia, anakuta kimya, anasimama pale mlangoni na hajui arudi kulala au aanze siku.

Mara ya mwisho kulia ilikuwa lini? Hakumbuki. Kulia kunataka mtu akae chini.

Kinachokuchosha zaidi ni nini? Si kumwinua, si kufua. Ni kuitwa "wewe wa kazi". Mkwe amemsahau, anakumbuka mtoto mmoja tu, yule wa mjini. Wageni wakija anawaambia, "Mimi nina mtoto mmoja, yuko mjini anafanya kazi kubwa. Huyu nimeletewa tu. Si mbaya, ila ana mikono baridi." Mwanamke anaitika, anaenda kupasha mikono kwenye birika kabla ya kumgusa. Usiandike kwamba ana kinyongo na mkwe. Hana. Kinyongo kinataka mtu wa kukipokea.

Umewahi kufanya jambo ukajishangaa? Siku moja mkwe aling'ata sabuni. Mwanamke akatia kidole kutoa vipande, akang'atwa. Hakukitoa kidole. Alikiacha pale makusudi, kwa sababu siku ile yote hakuwa amesikia kitu chochote mwilini, na hicho alikisikia. Baadaye alikifunga kitambaa na kuendelea kushona. Nilitaka kuandika kuendelea kupika. Basi na ashone, kushona nakujua zaidi.

Watu wengi, mambo yakiwazidi, huona afadhali wasiamke kesho. Wewe, mara ya mwisho ilikuwa lini? Jana. Andika kwamba hataki kufa. Au andika kwamba hajui tofauti. Anapotandika shuka safi anaona jinsi mtu angeweza kuingia humo akalala asiamshwe tena na yeyote, na inamjia raha, na hiyo raha ndiyo inayomtisha.

Nani anajua haya? Hakuna. Mume huuliza kwenye barua, lakini huuliza akiwa ameshajibu. Anaandika, nakujua wewe jasiri. Basi inambidi awe jasiri mpaka barua nyingine.

Huyo basi. Ni mwongo mkubwa, usimwamini. Ukija niletee sindano za cherehani namba kumi na nne, zangu zimevunjika zote.

Kitinda


Jumanne, 9 Aprili

Mdogo wangu weee!

Hukuambiwa kwamba una kipaji, nakuambia mimi leo. Nimemsoma mwanamke wako mbele ya darasa. Nilipofika kwenye kidole mmoja alitoka nje. Na yule mume! Dada mmoja aliomba aonyeshwe nyumba yake amkamate masikio. Mimi nami nikasema mwanamume wa namna ile hata salamu zake zirudishwe na dereva. Tulimlaani mpaka tukachoka, halafu makofi. Mama Penseli tu hakupiga makofi. Aliomba nimwachie karatasi, nadhani anataka kuwafundishia wengine.

Matokeo yake nimepewa usimamizi wa kundi. Ndiyo kusema mwezi huu sitaweza kutoka, wala ujao. Labda Juni. Najua hutanuna, mwenyewe umesema hapo hamna shida, na mama anakula. Ningekuwa na wasiwasi ningeacha kila kitu, unanijua.

Nitungie sehemu ya pili, wenzangu wanaidai. Safari hii mume mfanye mlevi kidogo, tumchukie vizuri.

Nimechoka, Kitinda, lakini leo nimechoka kwa furaha.

Dada yako


Jumatatu, 15 Aprili

Dada,

Hongera ya cheo.

Sehemu ya pili haipo. Yule mwanamke nimemchoka. Na mume asiwe mlevi, mwache, hakuambiwa.

Mama hajambo. Mimi mzima. Juni ni sawa. Sindano nimeazima.

Kitinda


Alhamisi, 18 Aprili

Kitinda,

Jana jioni Mama Penseli aliniita. Karatasi yako ilikuwa mezani kwake. Akauliza, "Huyu mtu anaishi wapi?" Nikacheka, nikamwambia ni wa kutunga, ametungwa na mdogo wangu anayemtunza mama yetu. Akasema, "Watu wakitunga shida hutunga kubwa. Wenzako wameniletea nyumba kuungua, talaka, nyoka. Huyu kaleta sabuni."

Sabuni niliituma mimi. Uliandika kwamba aliing'ata, ukaandika "tulicheka sana", nami nikacheka huku peke yangu kwenye kitanda changu. Niliposoma tena sabuni ileile mbele ya watu sikuiona. Na ushonaji wako nao nikausoma kwa sauti, nikaupita.

Yule mume ni mimi.

Nimeketi kwenye ngazi za ofisi mpaka mlinzi akanizimia taa. Nikuambie ukweli, kwanza nilikukasirikia. Kwa nini unifiche mimi? Halafu nikakumbuka nilivyokuuliza. "Hujachoka sana, sivyo?" Swali la namna hiyo tulikatazwa siku ya kwanza kabisa, kwa sababu mtu atakupa unachotaka kusikia, kwa heshima tu. Wageni sijawauliza hivyo hata mara moja. Nimekuuliza wewe. Naogopa, Kitinda. Tangu siku alipoondoka baba sijaogopa hivi.

Jana hiyohiyo nilipiga simu ukasema "tuko salama", nikamsikia mama anaanza kuniita, ukakata. Ndipo nikampigia jirani yako mshona viatu. Mkewe aliyekuja kulala kwako hakukimbia kunguni. Nilimtuma mimi. Usimfukuze, na usimwambie asijisumbue.

Leo alfajiri nimelikuta basi limejaa. Nimemsihi kondakta anisimamishe hata mlangoni, kakataa. Linarudi kesho na kuondoka tena Jumamosi, na tiketi ya Jumamosi ninayo mkononi. Barua hii imepata nafasi mimi nimekosa.

Sasa nakuuliza, na simuulizi yule mwanamke, nakuuliza wewe. Unawaza kufa? Ukisema ndiyo sitapiga kelele wala sitakuona kichaa. Ukisema hujui tofauti, nalo ni jibu. Kuna daktari Mama Penseli anamwamini, yuko karibu na kwetu. Tutakwenda mimi na wewe.

Cheo nimekirudisha. Kwa hiyo sikuulizi kama nije, wala kama utanihitaji, wala kama kuna shida, maana hayo najua utayajibu vipi. Sindano nimenunua. Ninalotaka kujua ni moja tu: nilale kitanda kipi?

Dada yako


Ijumaa, 19 Aprili

Dada,

Mke wa mshona viatu si mwongo mzuri. Alisema amekimbia kunguni, kisha akaingia na godoro lake kichwani.

Ila amelala hapa usiku wa juzi na wa jana, na usiku wa jana mama alipogonga aliamka yeye. Nilisikia kijiko, nikasikia nyayo ambazo si zangu. Sikujua la kufanya na miguu yangu. Nikaiacha kitandani.

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikakaa. Ukitaka kujua nililia lini, andika leo.

Swali lako: ndiyo. Si kila siku. Ni asubuhi zaidi, kabla mama hajagonga. Sijafanya kitu na sijapanga kitu. Leo nimewaza pia, lakini leo kuna mtu ananiandalia chai jikoni na anavunja vikombe, imepungua kidogo. Nimekuandikia kwa penseli ya kuchorea vitambaa kwa kuwa kalamu imekauka. Usiogope, jibu sitalibadili.

Kwa daktari nitakwenda. Usinifanye niahidi zaidi ya hapo, nimechoka hata kuahidi. Na yule mume nilikuambia mwema, sikuwa natania. Nimemkasirikia kidogo tu. Hapana, si kidogo. Tutaongea.

Kitu kimoja ujue kabla hujafika, usije ukaumia mlangoni. Niliandika kwamba mama anakutaja kutwa, na ni kweli. Lakini binti anayemtaja hana mvi wala miguu iliyovimba. Ana gauni la shule. Jana nimemwonyesha picha yako ya kazini, akasema mama huyu ana sura ya upole, ni nani? Ukiingia hatakujua.

Umeuliza kitanda. Lala changu, kile kilichogusana na ukuta wa mama. Birika linakaa juu ya jiko la kushoto, pasha mikono kwanza. Akigonga kwa kijiko, amka. Akikuita "wewe wa kazi", itika. Mimi nitakuwa nimelala.

Kitinda